Tozo za kielektroniki Marekani: gari-nyumba linalovuta gari dogo linahitaji tagi moja au mbili?

MtuWaTabata

Wadau, habari za leo.

Ninaishi Tabata hapa Dar es Salaam na ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa barabara za Marekani. Kaka yangu anayeishi New Jersey amenunua gari-nyumba, yaani gari lenye ukubwa wa Coaster lililopangwa ndani vitanda, jiko na choo, na Mungu akipenda mimi na mke wangu tutakwenda kumtembelea na kusafiri naye kwa gari hilo hadi Orlando, Florida. Nyuma yake atafunga gari lake dogo kwa mkono wa chuma, magurudumu yote manne yakiwa chini, ili tukishaliegesha lile kubwa kambini tubaki na usafiri wa kuzungukia mjini.

Kaka amenikabidhi kazi ya kuchunguza suala la tozo, kwa sababu yeye amezoea kupita na gari dogo peke yake na hajawahi kuvuta chochote. Tozo ninayoifahamu mimi ni ya Daraja la Nyerere kule Kigamboni, ambako unasimama mbele ya kizuizi, aliyeko kibandani anaona umekuja na chombo gani, unalipa, unapita. Kule ninaelezwa kwamba sehemu nyingi hakuna kibanda wala kizuizi: gari linapita kwa mwendo wake chini ya fremu ya chuma, tagi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele inasomwa, na fedha zinakatwa kwenye akaunti. Sasa mtambo huo utajuaje kwamba tuna gari jingine nyuma? Je, tagi ya kaka iliyosajiliwa kwa gari dogo inaweza kuhamishiwa kwenye gari-nyumba, au kila gari libaki na yake? Je, tagi ya E-ZPass ya New Jersey inakubalika hadi Florida? Na ni sehemu zipi za njia hiyo tujiandae kulipa, maana kaka anasema ni barabara kuu ya I-95 karibu mwanzo hadi mwisho, ila hana hakika tozo zinaanzia wapi na kuishia wapi.

MamaMbezi

Ndugu MtuWaTabata, salaam. Niliishi Maryland miaka mingi kabla ya kurejea Mbezi Beach, na mume wangu alikuwa akivuta tela la boti kila majira ya joto, kwa hiyo suala hili tulilizoea.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa majibu mengine yote yanatoka humo. Tagi haijui umevuta nini. Kazi yake ni kutaja akaunti ya nani itakatwa. Kinachoamua kiasi cha kukatwa ni vihisi vilivyofukiwa barabarani pamoja na miale inayopima umbo la gari kutoka juu au pembeni, navyo huhesabu ekseli, yaani mihimili inayoshika magurudumu ya pande mbili. Gari-nyumba la kaka yako lina ekseli mbili, gari dogo lina mbili, na kwa kuwa yamefungwa pamoja mtambo utayahesabu kama chombo kimoja chenye ekseli nne. Kwa hiyo mtalipa kwa tagi moja tu, iliyo kwenye kioo cha mbele cha gari-nyumba, na kiwango kitakuwa cha ekseli nne.

Kuhusu kuhamisha tagi, kwa kawaida mwenye akaunti anaruhusiwa kuihamisha kati ya magari yaliyoandikwa kwenye akaunti yake mradi yawe ya daraja moja, yaani kundi moja la kutozwa, na hapo ndipo pa kuwa waangalifu. Barabara ya New Jersey Turnpike haiangalii idadi ya ekseli peke yake. Gari la ekseli mbili ambalo nyuma lina matairi mawili mawili kila upande huwekwa daraja tofauti na gari dogo la kawaida. Magari-nyumba mengi makubwa yana matairi hayo. Ningekuwa kaka yako ningeliongeza gari-nyumba kwenye akaunti, nieleze ni gari la namna gani, na niombe tagi yake yenyewe, kuliko kubandua na kubandika ile ya gari dogo kila safari. Aulize pia kuhusu kioo cha mbele: baadhi ya vioo vya magari makubwa vina tabaka la metali la kuzuia joto ambalo huzuia mawimbi ya tagi, na kwa magari ya namna hiyo hutolewa tagi ya kufungwa nje, penye kibao cha namba.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulisahau. Tagi isiposomwa, kamera hupiga picha ya namba ya gari, na mara nyingi namba inayopigwa ni ya nyuma. Nyuma ya msafara wenu namba itakayoonekana ni ya gari dogo, si ya gari-nyumba. Kwa hiyo namba za magari yote mawili ziwe kwenye akaunti ileile kabla hamjaondoka. Zikiwamo, picha hulinganishwa na akaunti na tozo hukatwa kama kawaida. Isipokuwamo ya nyuma, ankara huenda kwa posta kwa mwenye gari, kwa kiwango cha juu zaidi, na ninyi mtakuwa Orlando mkila maisha wakati barua inasubiri sandukuni New Jersey.

Njia yenyewe ni hivi. Mtalipa New Jersey Turnpike, kisha Daraja la Delaware Memorial ambalo hutoza wanaoelekea kusini peke yao, kisha kituo cha I-95 ndani ya Delaware karibu na Newark (hii ni Newark ya Delaware, si ile ya New Jersey kwa kaka). Mkiingia Maryland, sehemu ya I-95 iliyo kaskazini-mashariki ya Baltimore hutoza wanaoelekea kaskazini, kwa hiyo hiyo mtailipa mkirudi. Baltimore kwenyewe kuna mahandaki ya kulipia. Baada ya hapo njia kuu ya I-95 haina tozo Virginia, Carolina zote mbili wala Georgia, ila mjihadhari msiingie kwenye njia za haraka zilizotengwa karibu na Washington, ambazo ni za kulipia na bei yake hupanda na kushuka kulingana na foleni.

Florida msiwe na wasiwasi. Tangu mwaka 2021 barabara ya Florida's Turnpike inakubali E-ZPass, na barabara za kulipia zinazozunguka Orlando ziliikubali mapema zaidi, mwaka 2018. Zamani, ukitaka kulipa kwa tagi, ilibidi ununue SunPass, yaani tagi ya Florida yenyewe, ukivuka mpaka wa jimbo. Sasa si lazima. Fahamuni tu kwamba tagi kukubalika si sawa na kupata punguzo: Maryland, kwa mfano, hutoa punguzo lake kwa wenye E-ZPass ya Maryland, na mwenye tagi ya jimbo jingine hulipa kiwango cha kawaida.

JogooWaTemeke

Kwa heshima zote kwa MamaMbezi, mimi nisingethubutu kupita na tagi moja. Magari ni mawili, yana namba mbili na pengine bima mbili. Weka tagi kila gari, kila moja lilipe haki yake, hakuna atakayekufuata. Ukipita na moja, kesho wataona gari la pili halikulipa na faini itakuja juu ya jina la kaka yako. Bora kulipa zaidi kuliko kubishana na serikali ya watu.

MhandisiKibaha

Ndugu JogooWaTemeke, hofu yako naielewa, ila ushauri huo utawagharimu mara mbili kwa safari ileile. Ukiwa na tagi hai katika gari linalovutwa, yanaweza kutokea mambo mawili. La kwanza, antena inasoma tagi zote mbili, na mtambo unaikata akaunti mara ya kwanza kwa chombo cha ekseli nne na mara ya pili kwa gari dogo. La pili linasumbua zaidi: mkono wa chuma unaounganisha magari ni mwembamba, na mtambo ukishindwa kuuona utayatenganisha magari, kisha uhusishe kila moja na tagi iliyo karibu, na daraja linalotokea kwenye taarifa linaweza lisifanane na chochote mlichopita nacho. Gari linalovutwa halidaiwi peke yake, kwa sababu ekseli zake zimeshahesabiwa kwenye lile linalovuta. Hata hapa kwetu lori lenye tela likifika mizani ya Vigwaza hupimwa lote kama msafara mmoja, na hakuna anayelipeleka tela peke yake likajieleze.

Kwa kuwa suala la ekseli limeguswa, niongeze hesabu ambayo ndugu wa Tabata ataihitaji akipanga bajeti. Florida's Turnpike hutumia kanuni ya idadi ya ekseli ukitoa moja. Gari la ekseli mbili hulipa kiwango kimoja cha msingi, la ekseli tatu hulipa viwango viwili, na la ekseli nne hulipa vitatu. Maana yake, mahali ambapo gari dogo lingelipa dola moja, msafara wenu utalipa dola tatu. Cha kushangaza ni kwamba kaka akiliendesha gari-nyumba na wewe ukaliendesha lile dogo nyuma yake, kila moja na tagi yake, mtalipa viwango viwili kwa jumla badala ya vitatu. Sisemi mfanye hivyo, kwa sababu mafuta ya gari la pili kutoka New Jersey hadi Orlando yatameza faida hiyo mara nyingi. Lakini kwa mizunguko ya ndani ya Orlando, gari-nyumba likiwa limeegeshwa, msiwe na sababu ya kuburuta gari dogo kwenye barabara za kulipia.

Watu huuliza pia kama kubadili namna ya kuvuta kunapunguza tozo, na jibu ni hapana. Magurudumu manne yakiwa chini, zimeongezeka ekseli mbili. Ukiinua magurudumu ya mbele juu ya kitoroli chenye ekseli moja, bado kuna ekseli ya kitoroli na ekseli ya nyuma ya gari iliyo chini, jumla mbili. Ukilipakia gari zima juu ya tela la ekseli mbili, ni mbili tena. Kinachopungua ni pale tu unapovuta kitu chepesi juu ya tela la ekseli moja, kama boti ya mume wa MamaMbezi.

Niruhusuni nichepuke kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kuhesabu ekseli bila kuzipima ni njia rahisi ya kutoza, lakini haihusiani sana na uharibifu wa barabara. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye uzito mara kumi ya nyingine huiumiza barabara karibu mara elfu kumi. Ekseli za gari dogo mnalolivuta, kwa upande wa lami, ni kama hazipo, na bado ndizo zitakazofanya mlipe mara tatu. Ndiyo sababu naona utaratibu wa Afrika Kusini una mantiki zaidi: vituo vyao huliweka gari jepesi katika daraja la kwanza liwe na tela au lisiwe nalo, na mgawanyo wa ekseli huanza kwa magari mazito. Waingereza nao, kwenye kivuko cha Dartford mashariki mwa London, huweka gari dogo, gari dogo lenye tela na gari-nyumba katika kiwango kimoja. Wafaransa hawahesabu ekseli sana kwa magari ya familia, wao hutazama urefu wa kwenda juu, mita 2 na mita 3, pamoja na uzito wa tani 3.5. Kila nchi na kipimo chake.

DerevaWaTunduma

Nawasalimu wote. Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar hadi Tunduma na kuvuka, na Marekani sijafika, kwa hiyo nitasema lile moja linalofanana kokote. Mtambo wa kuhesabu ekseli hukosea. Mvua, matope, gari jingine likikubana ubavuni, ekseli nne huandikwa tano. Ndugu wa Tabata, kazi yako ya kukaa pembeni na ramani iongezee daftari: andika mahali mlipopita, saa, na mlikuwa mnavuta au hamvuti. Mpige picha msafara mzima kwa ubavu, ekseli zote zionekane, kabla ya kuondoka. Taarifa ya akaunti ikitoka, kaka aangalie daraja lililoandikwa mstari kwa mstari. Akikuta siku ambayo gari dogo lilipita peke yake limeandikwa ekseli nne, ana picha na daftari la kuwaonyesha. Asiye na kumbukumbu hulipa alichoandikiwa.

Na salio liwe la kutosha. Akaunti iliyozoea kukatwa ya gari dogo ikianza kukatwa ya ekseli nne itakauka mapema kuliko mlivyozoea.

MtuWaTabata

Nawashukuru sana. MamaMbezi, shikamoo, na ahsante kwa kunipa njia nzima. Nimempigia kaka, naye ameanza utaratibu wa kuliongeza gari-nyumba kwenye akaunti. Amekubali pia kwamba tagi ya gari dogo itaondolewa kwenye kioo wakati linavutwa.

Yamebaki maswali mawili. Umesema Baltimore kuna mahandaki ya kulipia. Gari-nyumba lina tangi la gesi ya kupikia lililofungwa chini ya sakafu. Je, hilo lina athari yoyote kwenye tozo, au ni suala la usalama tu? Na ile tagi ya gari dogo, tukiiondoa kwenye kioo tuiweke wapi? Kaka anafikiri kuiweka kwenye droo ya dashibodi inatosha.

MamaMbezi

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza la gesi, kwa sababu jibu lake linabadili njia, na njia ikibadilika tozo nazo zinabadilika.

Mahandaki yote mawili ya Baltimore, la Fort McHenry ambalo I-95 inapita ndani yake na la Baltimore Harbor lililo jirani yake, hayaruhusu gesi ya mitungi inayozidi ratili 10 kwa kila chombo, yaani kama kilo nne na nusu. Hata mtungi mdogo wa kilo 6 tunaoununua hapa dukani umeshapita kiwango hicho, sembuse tangi la gari-nyumba. Kwa hiyo kaka asije akaifuata sauti ya simu inayomwambia aende moja kwa moja. Tagi itasomwa bila shida yoyote, tozo itakatwa, na bado atakuwa amevunja sheria.

Zamani wenye gesi walipita Daraja la Francis Scott Key, upande wa kusini-mashariki wa jiji, na vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinaelekeza huko. Daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli ya mizigo iitwayo Dali. Njia iliyobaki kwenu ni kuiacha I-95 kabla ya jiji na kuchukua barabara ya mzunguko ya I-695 upande wa magharibi, kisha mrudi I-95 kusini ya jiji. Ni ndefu zaidi, na asubuhi na jioni foleni yake inakumbusha Ubungo ya zamani, lakini haina tozo. Kwa hiyo kwenye bajeti yenu futeni handaki, kwenda na kurudi. Mkirudi mtakutana na ile tozo ya I-95 ya kaskazini-mashariki niliyoitaja, na hiyo haikwepeki kwa mzunguko huo.

Kuhusu tagi, droo haitoshi. Mawimbi hupita kwenye plastiki na kitambaa bila taabu, na tagi iliyo ndani ya droo au mkoba inaweza kusomwa. Kuna mfuko maalumu wenye karatasi ya metali unaozuia tagi isisomwe, ambao hutolewa na walewale wanaotoa tagi. Kaka akiwa hana, auombe. Aitie tagi humo, aufunge mfuko, na auweke pale ambapo mtatoa vitu vya kwanza mkifika kambini, kwa sababu mtakapolifungua gari dogo na kuanza mizunguko ya Orlando ndiyo hiyo tagi mtakayoihitaji kwenye kioo chake. Wakati huo ile ya gari-nyumba ibaki mahali pake, msiiguse.

JogooWaTemeke

Nimesoma maelezo ya Mhandisi na ya Mama, nimeelewa: tagi moja mbele, namba zote mbili kwenye akaunti. Swali langu dogo: kama gari dogo lina jina la mke wa kaka na gari-nyumba lina jina la kaka, inawezekana namba zote mbili kukaa kwenye akaunti moja?

MamaMbezi

Inawezekana. Akaunti inafuata anayelipa, na mwenye akaunti ndiye anayeorodhesha magari atakayoyalipia, hata kama kadi ya gari ina jina la mwenzake wa nyumbani. Kinachotakiwa ni namba iandikwe sawasawa, pamoja na jimbo lililoitoa, kwa kuwa namba ileile inaweza kuwapo katika majimbo mawili. Ila kama shemeji ana akaunti yake yenyewe yenye namba hiyo, aiondoe huko kwanza, la sivyo picha ya kamera itaenda kwake naye atakatwa kwa safari ambayo pengine hakuwamo.